Watoto Tisa Wanaposimama Kuwa Herufi

Ukitaka kumtambua mwalimu aliyebobea katika kufundisha kompyuta, tazama mikono yake iko wapi. Ninayemsifu hapa hufundisha Sekondari Msingi katika shule moja ya Othaya, huko Nyeri, Kenya, kwenye miinuko ya chai inayopanda kuelekea msitu wa Aberdare. Wanafunzi wakishawasha mashine, yeye hufunga mikono nyuma ya mgongo na haiachilii hadi kengele ilie. Mvulana anapaza sauti: "Mwalimu, kazi yangu imepotea!" Anamwendea, anainama, anaitazama skrini, mikono bado iko nyuma. "Uliihifadhi kwa jina gani?" Mvulana hakumbuki. "Ulipoihifadhi, mashine ilikuambia inaipeleka wapi?" Hapo mtoto anaanza kutafuta. Anafungua folda, anaifunga, anafungua nyingine, anarudi kwenye ile ya kwanza. Mwalimu angeweza kuipata faili hiyo kwa kubofya mara mbili; hata sisi tuliokaa nyuma ya darasa tulikuwa tumeshaiona. Akangoja. Kipindi kizima ni dakika 40, na dakika kadhaa zikaishia kwenye faili moja ya mtoto mmoja, lakini usoni mwake hapakuwa na dalili ya haraka.

Kungoja huko ni ufundi. Hakuzaliwa nao. Aliujenga, na kila sehemu ya somo lake ameipanga ili uwezekane.

Wakati wenyewe ni haba. Gredi ya 7 ilipoanza Januari 2023, kompyuta ilikuwa somo la kuchagua. Mwaka uliofuata masomo ya Sekondari Msingi yalipunguzwa hadi 9, na kompyuta ikaingizwa ndani ya Pre-Technical pamoja na biashara, uchoraji wa kiufundi na vifaa vya karakana. Pre-Technical ina vipindi 4 kwa wiki, kwa hiyo zipo wiki ambazo kompyuta haiguswi kabisa. Vifaa navyo ni mchanganyiko. Kuna vishikwambi vya mpango wa serikali ulioanza mwaka 2016, vilivyonunuliwa kwa ajili ya watoto wa darasa la kwanza na kuletwa pamoja na projekta na seva ya masomo. Kuna pia kompyuta chache za mezani walizotoa wahisani. Sekondari Msingi ilipowekwa ndani ya viwanja vya shule za msingi, wanafunzi wa miaka 13 walirithi vifaa vilivyotengenezewa vidole vya mtoto wa miaka 6.

Othaya yenyewe haiko mbali na mambo haya. Nyaya za kisasa za intaneti za chini ya bahari zilitua Mombasa mwaka 2009, rais akiwa Mwai Kibaki, mzaliwa wa Gatuyaini na mbunge wa hapa tangu mwaka 1974. Mjini zipo saiba ambako wazazi hujaziwa fomu za kodi za KRA na kufanyiwa maombi ya huduma za serikali kwenye eCitizen. Watoto hawa wameiona kompyuta. Ila wengi wameiona ikitumiwa na kijana wa saiba kwa niaba ya mzazi aliyesimama upande wa pili wa kaunta, akitaja nambari yake ya kitambulisho na kungoja karatasi itoke. Hivyo ndivyo wanavyoijua: ni kitu ambacho mtu mwingine hukugusia. Mwalimu anayemnyang'anya mtoto kipanya "amsaidie haraka" anairudisha kaunta ile ndani ya darasa.

Kuna jambo jingine, nalo ni la umri. Mtoto wa miaka 12 hadi 14 anaogopa kuonekana hajui kuliko anavyoogopa mtihani. Darasani wamo wenye simu ya mzazi mkononi kila jioni, na wamo ambao hawajawahi kubonyeza kibodi. Wa kwanza hupiga kelele, wa pili hunyamaza. Ukiuliza swali la jumla watajibu walewale watatu, na baada ya wiki chache walionyamaza watakuwa wameshaamua kwamba kompyuta si yao. Nimeshuhudia masomo ambayo mwalimu huanza kwa kuandikisha maana ya kompyuta, mashine ya kielektroniki inayopokea data na kadhalika, mistari minne, kisha sehemu za kompyuta, kisha faida zake. Daftari hujaa. Watoto husinzia wakiwa macho wazi. Sioni faida ya kuanza hivyo, na nadhani hasara yake ni kubwa kuliko tunavyokubali, kwa sababu mtoto hujifunza siku ya kwanza kwamba hapa pia kazi yake ni kunakili.

Huyu wa Othaya huanza na mashine iliyokufa. Ni kompyuta ya mezani iliyotupwa, isiyowaka tena, na anaiweka juu ya dawati pamoja na bisibisi. Watoto wanaifungua wenyewe. Vumbi linatoka, kuna anayepiga chafya, halafu vichwa vinakusanyika. Wanatoa feni. Wanatoa kadi za kumbukumbu, wanahisi uzito wa kifaa cha umeme, wanaifuata waya ya diski hadi inakochomekwa. Wanakuta betri ndogo ya mviringo kwenye ubao mkuu, na karibu kila mara kuna anayeuliza ya nini, ikiwa mashine inakula stima ya ukutani. Anawaachia swali hilo wakalale nalo. Siku nyingine atawakumbusha kwamba kompyuta ikizimwa usiku kucha, asubuhi bado inajua saa.

Nimefikiri sana kwa nini mwanzo huo hufaulu. Watoto wetu wameambiwa neno moja kuhusu kila kifaa cha shule: ukiharibu utalipa, au mzazi wako aitwe. Mashine iliyokufa haiharibiki. Kidole kinachotetemeka juu ya kibodi nzima hutulia juu ya ile mbovu, na kikishatulia hapo kinapata ujasiri wa kwenda kwenye nzima. Hakuna maneno ya kutia moyo yanayoweza kufanya kazi hiyo.

Somo la pili nalo halihitaji stima. Analeta sufuria, kikombe, chupa ya maji iliyofungwa, maziwa, sukari na pakiti ya majani chai. "Leo mimi ndimi mashine," anasema. "Sijui chai ni nini. Niambieni nifanye nini." Darasa zima la watoto waliozaliwa katikati ya chai linacheka. Mmoja anasema, "Weka maji." Anaichukua chupa na kuitia ndani ya sufuria ikiwa na kifuniko chake. Kelele. "Fungua kwanza!" Anaifungua. "Mimina!" Anamimina mpaka maji yanamwagikia sakafuni, maana hakuna aliyemwambia aache. "Weka majani." Pakiti nzima inatumbukia, karatasi na yote.

Hapo ndipo ufundi ulipo, na ni rahisi kuupuuza kwa sababu unachekesha. Yeye mwenyewe hacheki wala hawadhihaki. Ujinga wake una kanuni: hufanya lililosemwa, halafu husimama. Akikisia hata mara moja walichokuwa wakimaanisha, somo limevunjika, kwa kuwa mashine ya kweli haitawakisia. Aliniambia kwamba kazi ngumu kuliko zote siku hiyo ni kujizuia kuelewa. Baada ya majaribio kadhaa watoto wanaanza kukosoana: sema kijiko kimoja, sema kutoka wapi, sema mpaka lini. Maagizo yanaandikwa ubaoni kwa mstari, na ndani yake yanajitokeza yenyewe mambo mawili ambayo karibu kila programu imejengwa juu yake. Kuna "koroga mpaka sukari iyeyuke," yaani rudia hadi jambo fulani litimie. Kuna "maziwa yakianza kupanda, punguza moto," yaani likitokea hili, fanya lile. Hajawapa majina yake bado. Anayanakili maagizo yao na kuyahifadhi, na miezi baadaye, wanapofungua Scratch, programu ya watoto iliyotolewa na MIT mwaka 2007 ambayo hufanya kazi hata bila intaneti na ina menyu ya Kiswahili, anawarudishia karatasi yao ya chai na kuwauliza ni vipande gani vya skrini wanavyovitambua.

Michezo ya namna hii haikubuniwa Othaya peke yake. Katika miaka ya 1990 Tim Bell wa New Zealand na wenzake walikusanya masomo ya sayansi ya kompyuta yasiyohitaji kompyuta, na walimu wa nchi nyingi wamechota humo. Kadi za nambari ninazotaka kuzieleza zinatoka huko. Lakini walichofanyiwa watoto wa hapa kwa kadi hizo sijakiona kwingine.

Watoto watano wanasimama mbele, kila mmoja na kadi: 16, 8, 4, 2, 1. Kadi ikielekezwa kwa darasa inahesabiwa, ikigeuzwa haihesabiwi. "Tuonyesheni miaka yenu." Wa miaka 13 wanagombana kidogo, kisha 8, 4 na 1 zinageuzwa mbele. Wanagundua kwamba watu watano wanaweza kuhesabu kutoka 0 hadi 31 bila kuongeza mtu, na kwamba kila nambari ina namna moja tu ya kusimama. Wanaongezwa wawili, wenye 64 na 32. Sasa ni saba, na wanafika 127. Mwalimu anawaambia kwamba mwaka 1963 Wamarekani walikubaliana kanuni ya kuipa kila herufi yao nambari ndani ya nafasi hizo saba: A kubwa ni 65. Mwenye 64 anasimama, mwenye 1 anasimama, wengine wanakaa. Darasa linaitazama herufi A ikiwa na miguu minne.

Kisha anauliza nani anataka kuandika jina la cucu wake, yaani nyanya yake. Msichana mmoja anataja Mũthoni. Wanaanza: M kubwa ni 77, yaani 64, 8, 4 na 1. Inayofuata ni ũ. Mwalimu anaandika nambari yake ubaoni: 361. Watoto saba wanatazamana. Wakisimama wote wanafika 127 tu.

Nilikuwa nimekaa pale nikaona darasa zima likielewa jambo ambalo watu wazima wengi wa Nyeri wameliishi maisha yao yote bila kuelezwa. Gĩkũyũ kina irabu saba. Mbili kati yake, ĩ na ũ, hazikuwa na nafasi katika kanuni ile ya 1963, na hiyo ni sababu mojawapo ya vitambulisho vyetu, vyeti vyetu na orodha za shule kuziandika i na u. Mvulana ambaye wazazi wake ni Wakamba alinyoosha mkono akasema kwao pia zimo, na ni kweli, Kikamba kinazitumia. Kasoro haikuwa kwenye majina. Viti vilikuwa vichache.

Basi wanaitwa wawili zaidi, mmoja na 128, mwingine na 256. Sasa ni tisa. Wanajipanga: 256, 64, 32, 8 na 1 wanasimama, wengine wanakaa. Hiyo ni ũ. Halafu anaandika nambari ya ĩ, 297, na kuwaomba wabadilike. Wanahesabu kwa sauti, wanasukumana, na wanagundua kwamba anayepaswa kukaa ni mtoto mmoja peke yake, mwenye 64. Wengine wote wamebaki walivyokuwa. Akikaa ni ĩ, akisimama ni ũ. Wakamfanyia mchezo huo tena na tena, kaa, simama, kaa, simama, huku darasa likitamka kila irabu kwa sauti moja. Kisha mmoja wao, bila kuulizwa, akajaribu kumkalisha mwenye 1 ili aone kinachotokea, na mwalimu akawaambia: hiyo ni Ũ kubwa, 360.

Hapo tu ndipo kompyuta inawashwa. Anawapanga wale tisa kwa makundi kutoka kulia, wanne, wanne, na mmoja aliyebaki kushoto. Kila kundi linahesabiwa upya kwa 8, 4, 2, 1. Kundi la kulia linasoma 9, la kati linasoma 6, la kushoto 1. Ndani ya Word mtoto anaandika 0169, anabonyeza Alt pamoja na X, na zile tarakimu nne zinageuka kuwa ũ. Kwa ĩ ni 0129. Msichana wa Mũthoni akaliandika jina lote, akaliangalia, akaongeza la mama yake, akaongeza lake. Sijui somo jingine la dakika 40 ambapo hesabu, historia, lugha ya nyumbani na kibodi vinakutana hivyo bila hata kimoja kuburutwa kwa nguvu. Namna faili inavyoipakia nambari hiyo kwenye diski ni habari ndefu zaidi, naye huwaambia hivyo waziwazi, kwamba ipo na wataifikia.

Mwezi Februari 2018 picha moja kutoka Ghana ilisambaa duniani. Richard Appiah Akoto, mwalimu wa shule ya Betenase katika mji wa Sekyedomase, alikuwa amechora dirisha zima la Word ubaoni kwa chaki za rangi. Shule yake haikuwa na kompyuta tangu 2011, ilhali wanafunzi wake wa umri huuhuu walitahiniwa TEKNOHAMA katika mtihani wa taifa. Microsoft ilimwalika Singapore, na shule ikapata misaada ya kompyuta. Wengi walioisambaza picha ile waliionea huruma. Mimi naitazama kama kazi ya fundi. Ili uchore dirisha lile lazima uamue kila kitufe ni cha nini na kinakaa wapi kuhusiana na jirani yake. Mchoro hautoweki mtoto akibofya pasipofaa, na watu wote wanaona kitu kilekile kwa wakati uleule, jambo ambalo vishikwambi havijawahi kuweza.

Huyu wa Othaya ana mashine, na bado huchora. Anachora sehemu tatu au nne tu za dirisha, zile zitakazotumika siku hiyo, na kuacha nafasi tupu mahali pa vitufe vingine vyote. Niliona watoto wakiinua macho kutoka kwenye skrini iliyojaa alama na kutazama ubao ili wajue cha kupuuza. Kuchagua kisichofundishwa leo ni nusu ya kazi ya mwalimu, na hakuna kitabu kinachoweza kumfanyia.

Watoto wanne hukaa kwenye kompyuta moja. Mmoja anashika kipanya, wa pili kibodi, wa tatu anasoma maagizo, wa nne anaandika daftarini kilichotokea. Akipiga makofi wanabadilishana. Kanuni ni mbili: mwenye kipanya hafanyi chochote ambacho msomaji hajakitamka, na hakuna kumshika mwenzako mkono. Yule mvulana mwepesi wa simu huanzishwa kwenye daftari. Mwanzoni anateseka, anajikunja, anaona jibu na hawezi kuligusa. Baadaye anatambua kwamba njia pekee ya kuipeleka kazi mbele ni kumweleza kwa maneno msichana aliyeshika kipanya, na anagundua kwamba alichokijua kwa vidole hakujua kukisema. Msichana naye, ambaye nyumbani simu humfikia kaka zake wakishachoka nayo, amepata dakika zake kamili bila mkono wa mtu kupita juu ya wake. Waliokuwa kimya wiki ya kwanza sasa ndio wanaosahihisha daftari.

Stima ikipotea, na msimu wa ukungu hupotea, hakuna anayepumzika. Kadi zipo, ubao upo.

Kwa Gredi ya 8 amehifadhi lahajedwali, na hapo ndipo nilipoona mikono ile ikijaribiwa kuliko siku zote. Wiki moja kabla, aliwaomba waje na risiti za kilo kutoka kituo cha majani chai. Wasio na chai walete za maziwa au za kahawa. Wasio na chochote watumie takwimu za darasa. Jina na nambari ya mkulima vifunikwe kwa karatasi. Sharti hilo halikuwa dogo. Katika kijiji ambacho kila mtu anajua shamba la nani limechumwa, mapato ya mzazi hayapaswi kuwa kichekesho cha darasani. Siku ya kwanza walijumlisha mwezi mzima kwa kalamu, wakazidisha kwa bei ya kilo, wakakosea, wakarudia, wakachoka. Alitaka wachoke. Kesho yake mashine ilipojumlisha safu ileile kwa SUM papo hapo, hakuhitaji kuisifia kompyuta.

Kisha wakaja kwenye bei. Kilo ziko safu ya B, bei wameiweka mara moja katika kisanduku E1. Mstari wa kwanza wanaandika =B2*E1, jibu linatoka sahihi. Wanaivuta fomula hadi chini ili ijaze siku zote. Sifuri. Sifuri hadi mwisho wa ukurasa.

"Mwalimu, mashine imekataa."

"Imekataa, au imefanya mlichosema?"

Wale walioikumbuka chai walitabasamu. Akawauliza kisanduku kinachofuata kimeandikwa nini. Wakabofya: =B3*E2. "E2 kuna nini?" Hakuna kitu. "Nani aliipeleka huko?" Ukafuata ukimya ambao walimu wengi, nami nikiwamo, tungeuvunja. Niliona vidole vyake vikikazana nyuma ya mgongo. Hatimaye msichana mmoja akasema taratibu, "Imeteremka na sisi." Tuliposhuka mstari, fomula nayo ilishuka, bei ikaachwa juu. "Mngetaka ifanye nini?" "B iteremke, E ikae palepale." Walipokwisha kulitamka hitaji lao, na hapo tu, akaachilia mkono mmoja, akachukua chaki na kuandika ubaoni $E$1.

Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, ambaye mwaka 1967 alishirikiana na wenzake kuunda Logo, lugha ya programu kwa watoto, aliamini kwamba thamani kubwa ya kompyuta kwa mtoto ni kumbadilishia swali. Badala ya kuuliza kama amepata au amekosa, mtoto huuliza kosa liko wapi na litarekebishwaje. Sisi tuliolelewa na alama ya mkasi wa wino mwekundu, katika nchi ambayo mtihani wa KCPE uliwapanga watoto kwa alama tangu 1985 hadi ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, tunajua jinsi badiliko hilo lilivyo gumu. Halifanywi na mtaala ukiwa peke yake. Zile sifuri zilipojaa ukurasa, mtu mzima mmoja tu chumbani ndiye aliyeamua kama zitakuwa aibu au zitakuwa jambo la kuchunguza.

Walipoweka $E$1 safu nzima ikajaa shilingi. Mmoja akaongeza bei kwa shilingi moja ili aone, na nambari zote zikasogea kwa pamoja. Kelele zilizofuata zilifika darasa la jirani. Wakashusha bei. Wakaipandisha maradufu. Wakaanza kuuliza mambo yaliyomzidi mwalimu wa kompyuta: karani hupunguza kilo ngapi za gunia, mbolea hukatwa lini, na kwa nini malipo ya mwezi ni madogo halafu bonasi ije baada ya mwaka wa chai kufungwa. Msichana yule wa "imeteremka" alisema shangazi yake hupeleka majani Chinga na wao hupeleka Iriaini, na nyumbani watu hubishana kila mwaka kiwanda kipi kinalipa vizuri. Akataka kujua nani yuko sahihi.

Mwalimu hakumjibu. Aliuliza darasa wangehitaji miaka mingapi ili waone. Wengine wakasema miwili, mmoja akasema miwili inaweza kudanganya, wakaafikiana mitano. Kuna aliyejua guka wake, yaani babu yake, huweka karatasi zote za bonasi kwenye kasha. Kengele ilipokaribia, akaandika ubaoni vichwa vya safu za jedwali la wiki ijayo: mwaka, kiwanda, bonasi kwa kilo. Safu ya nne akaichora na kuiacha bila kichwa, akawaambia waamue wenyewe, watakapokuja na karatasi zao, ni kitu gani kingine wanachohitaji kukijua.